Kuwachagulia Wazee Mgahawa Ambamo Watasikia Mazungumzo

Katika ukoo wetu, kazi ya kutafuta mahali pa kula pamoja na wazee huniangukia mimi, na wanaolijua hilo huniuliza mara kwa mara nianzie wapi. Jibu langu huwashangaza kidogo, kwa sababu sianzii kwenye chakula. Chakula kizuri kinapatikana pengi, na mzee aliyekatazwa chumvi au mafuta na daktari wake hakosi kitu cha kula endapo mpishi ataombwa mapema. Kinachopatikana kwa shida ni chumba ambamo mtu wa miaka 75 anaweza kusikia anachoambiwa na mjukuu wake aliyeketi upande wa pili wa meza. Mimi huanza na chumba hicho. Bei, umbali, menyu na mandhari huyapima baadaye.

Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa mzee asiyesikia mezani ni nadra kusema kwamba hasikii. Mtazame shangazi yako katika ukumbi wenye kelele: macho yake huhama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, wenzake wanapocheka naye hucheka, lakini kicheko chake huchelewa kidogo, kwa sababu anafuata nyuso na si maneno. Akiulizwa swali hujibu “ndiyo, ndiyo,” hata kama swali lenyewe halikutaka jibu la ndiyo. Baada ya muda huacha kufuatilia, huikunja leso ya karatasi, huikunjua, huikunja tena, na kabla sahani hazijaondolewa husema amechoka, afadhali turudi nyumbani. Sote humwamini, na kweli amechoka, maana kusikiliza kwa kubahatisha ni kazi nzito kwa ubongo. Ila uchovu huo haukuletwa na umri peke yake. Chumba tulichomchagulia kina sehemu yake.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 25 ya watu waliovuka umri wa miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaofikia kiwango cha ulemavu. Maana yake ni kwamba katika meza yenye wazee wanne, ni jambo la busara kudhani kuwa angalau mmoja wao ana tatizo, hata kama hajavaa kifaa chochote sikioni na hajawahi kulitaja. Upungufu huu wa uzeeni huanza polepole na kwa kawaida huyashika masikio yote mawili. Ndani ya sikio, katika kiungo chenye umbo la konokono, zimo seli zenye vinyweleo vidogo sana ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva, na seli hizo zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kudhoofika ni zile zinazopokea sauti nyembamba.

Hapo ndipo ugumu wa mazungumzo unapoanzia. Irabu zina nguvu nyingi na hukaa katika sauti nzito, hivyo mzee huendelea kuzisikia vizuri, na ndiyo sababu hukwambia kwa uaminifu kabisa kwamba sauti anaisikia ila watu siku hizi wanatafuna maneno. Konsonanti kama s, f, t na k ni hafifu, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 2,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), katika eneo lile lile ambalo sikio lake limepungukiwa. Ukimtamkia saa, taa, kaa na faa akiwa hakutazami, zote nne huweza kumfikia kama “aa” tu. Nyumbani, penye utulivu, hujaza pengo hilo kwa kufuata muktadha. Katika ukumbi wenye sahani zinazogongana, kelele nayo huvifunika hata vile vipande vichache alivyobaki navyo.

Kuongeza sauti hakusaidii kama wengi wanavyodhani, kwa sababu tatizo la mezani ni tofauti kati ya sauti unayoitaka na kelele usiyoitaka. Kijana mwenye masikio mazima huweza kufuata mazungumzo hata kama sauti ya msemaji na kelele ya chumba zinakaribia kulingana. Mwenye upungufu wa kusikia huhitaji sauti ya msemaji iizidi kelele kwa desibeli kadhaa, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, alichapisha majaribio kuhusu uwezo wa binadamu wa kufuata sauti moja miongoni mwa nyingi, uwezo ambao hutegemea masikio mawili yakishirikiana na ubongo kutambua sauti ipi imetoka wapi. Uwezo huo nao hupungua kadiri umri unavyosogea. Vifaa vya kusaidia kusikia vinasaidia sana, lakini hata vile vizuri huipokea pia kelele ya chumba, na mzee aliyekivua chake na kukitia mfukoni katikati ya mlo asilaumiwe kwa ukaidi.

Kelele ya mgahawa, tena, ina tabia ya kujizidisha yenyewe. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu anapozungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Meza moja ikipandisha, meza ya jirani hupandisha zaidi ili isikike, mhudumu huongeza muziki kidogo kwa kuwa hausikiki tena, na ukumbi uliokuwa mtulivu jioni inapoanza huwa umegeuka kabisa wakati vyakula vikuu vinapoletwa. Kwa sababu hiyo siuamini utulivu wa mgahawa nilioutembelea mchana ukiwa nusu tupu, na simwamini mtu anayenihakikishia kwamba pale pametulia kama hajawahi kufika saa na siku ninayokusudia kwenda. Ninapotaka kupakagua mahali, huenda siku ile ile ya juma na saa ile ile, nikaketi peke yangu na kinywaji, nikasikiliza.

Nikiwa pale, kwanza hutazama vitu visivyotoa sauti. Sakafu ya marumaru, kuta za kioo, dari ya zege iliyoachwa wazi na meza za mbao zisizo na kitambaa hupendeza sana katika picha, na vyote huirudisha sauti chumbani badala ya kuimeza. Zulia, mapazia mazito, viti vyenye mito na vitambaa vya meza huinyonya. Hili lilithibitishwa kwa vipimo zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimtaka mwalimu wake kijana wa fizikia, Wallace Sabine, arekebishe ukumbi wa mihadhara ambamo neno lililotamkwa liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5, hata maneno ya mhadhiri yakapandiana. Sabine alifanya kazi usiku, akihamishia humo mito ya viti kutoka katika ukumbi mwingine na kupima jinsi mwangwi ulivyofupika kadiri mito ilivyoongezeka. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni ambayo wasanifu wa kumbi huitumia mpaka leo: muda wa mwangwi hukua kwa ukubwa wa chumba na hupungua kwa wingi wa vitu vinavyonyonya sauti. Miili ya watu nayo hunyonya, lakini watu hao hao ndio wanaopiga kelele, kwa hiyo tusiwahesabu kama faida.

Kisha husikiliza chumba chenyewe. Ukipiga kofi moja dogo kabla wateja hawajajaa, utasikia kama sauti inakatika papo hapo au inabaki ikilialia juu ya dari. Kama unaona haya kupiga kofi mbele ya watu, ngoja mtu asogeze kiti au aangushe uma. Simu pia inasaidia: zipo programu za kupima sauti, mojawapo ikiwa ile ya bure ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za iPhone. Sitarajii usahihi wa maabara kutoka katika simu, ila kipimo kinazuia kujidanganya. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio umbali wa mita 1 huwa karibu desibeli 60. Nikiona ukumbi uliojaa uko chini ya 70 huwa nimeridhika. Ukipita 75 huaga kwa heshima, hata kama mpishi ni bingwa. Tofauti hiyo ya desibeli 5 inaonekana ndogo kwa asiyejua kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara 10.

Zaidi ya wateja wenyewe, viko vyanzo vya kelele ambavyo mtu huvisahau akishavizoea. Mlango wa jikoni unaobamizwa kila mhudumu anapopita, mashine ya kahawa inayofoka mvuke, blenda ya baa, feni ya kiyoyozi iliyochoka, runinga inayozungumza peke yake ukutani, na spika zilizofichwa darini. Spika ndizo zinazosumbua wengi bila wao kujua, kwa sababu mtu huangalia kama meza iko mbali na mlango na hakumbuki kuinua macho. Meza iliyo chini ya spika ni mbaya hata katika mgahawa mtulivu. Na pale penye bendi inayopiga jioni sipeleki wazee wa kuzungumza nao. Labda wazee wa kucheza muziki, nao wapo, lakini hiyo ni jioni ya aina nyingine.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya haya yote ni chumba cha faragha. Inategemea chumba. Chumba kidogo chenye kuta nne tupu na meza ya watu kumi na wawili kinaweza kuwa kibaya kuliko ukumbi mkubwa wenye mazulia, kwa kuwa kelele yote ya ukoo wenyewe hubaki humo humo ikigonga kuta, na ukoo wetu, nakiri, haujui kunong’ona. Nje kuna faida kubwa, maana pasipo na dari wala kuta sauti haina pa kurudia, lakini magari yakiwa karibu faida hiyo hutoweka, na upepo ukivuma kwenye maikrofoni ya kifaa cha sikio humletea aliyekivaa mvumo usiovumilika. Baraza yenye paa, iliyoelekea bustani na si barabara, ni mahali ninapopapenda kuliko pote, ikiwa hali ya hewa inaruhusu.

Mahali pakishapatikana, meza hupewa uzito ule ule. Ninapopiga simu kuweka nafasi sisemi tu idadi ya watu. Nataja meza ninayoitaka na sababu yake. Husema, kwa mfano, “Tutakuja na wazee wawili ambao hawasikii vizuri, naomba ile meza ya pembeni upande wa mapazia, na kama inawezekana muziki upunguzwe upande ule.” Sijaona msimamizi anayekasirika kwa ombi la namna hiyo likitolewa mapema. Likitolewa ukumbi ukiwa umejaa, hata msimamizi mwema hana la kufanya, maana meza zote zimeshakaliwa.

Umbo la meza lina maana pia. Sauti inayotoka moja kwa moja kinywani mwa msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo mzee aliyewekwa kwenye kichwa cha meza ndefu kwa heshima huwa amewekwa mbali na karibu kila mtu. Nafahamu kwamba kuketi kichwani kuna hadhi yake, na kumwondoa babu pale kunahitaji maneno mazuri. Mimi humwambia, “Babu, leo tunataka kukuzunguka,” kisha humkalisha katikati ya upande mmoja wa meza, ambapo watu watano au sita wanamfikia bila kupaza sauti. Meza ya mviringo ni bora zaidi ilimradi isiwe pana mno. Watu wakizidi wanane mazungumzo hugawanyika yenyewe mara mbili au tatu, na kila kundi huwa kelele kwa lenzake; ndiyo maana, jamaa wakiwa wengi, naona heri kuwagawa kwa jioni mbili, ingawa wapo wanaolalamika kwamba nawabagua.

Kuhusu upande wa kumkalisha mzee, nimesikia ushauri wa aina mbili unaoonekana kupingana, na wote una sababu. Kwa asiyevaa kifaa, hushauriwa akae mgongo wake ukiwa ukutani, ili kelele isimjie kutoka nyuma na awaone wote wanaozungumza. Kwa aliyevaa kifaa chenye maikrofoni zinazopendelea sauti za mbele, hushauriwa kelele iwe nyuma yake na wazungumzaji mbele yake, ili kifaa kiweze kuipunguza ile ya nyuma. Pembe ya chumba mara nyingi hukidhi haja zote mbili, kwa kuwa ukishaiondoa meza katikati ya ukumbi kelele hubaki upande mmoja tu, na unaweza kuchagua kila mzee aelekee wapi. Ikiwa sikio moja la mzee ni zima kuliko jingine, mwulize ni lipi kabla hamjafika, faraghani, si mbele ya wajukuu. Mama mkubwa wangu husikia vizuri zaidi kwa sikio la kushoto, na hilo linatosha kuamua kiti chake: kushoto kwake hukaa yule mwenye sauti ndogo kuliko wote, kulia kwake hukaa mjomba, ambaye angesikika hata kutoka jikoni.

Mwanga nao ni sehemu ya kusikia, jambo ambalo wabunifu wa migahawa ya mishumaa hawalitilii maanani. Mtu asiyesikia vizuri husoma midomo bila hata kujua kwamba anaisoma, na gizani hana cha kusoma. Isitoshe, mboni ya jicho la mzee haipanuki kama zamani na lenzi yake imefifia, kiasi kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia lile la kijana wa miaka 20. Nataka mwanga wa kutosha usiomulika machoni. Dirisha kubwa nyuma ya msemaji jua likiwa linazama ni tatizo, kwa sababu uso wake hugeuka kivuli. Menyu ya kusomwa kwa kuelekezea simu kwenye picha yenye vijiraba vyeusi na vyeupe naikubali ikiwa tu ipo na ya karatasi. Kumfanya mtu mzima aombe kusomewa chakula chake mwenyewe ni kumvunjia heshima bila sababu.

Ngazi, choo na viti huvikagua haraka, ila huvikagua. Choo kiwe kwenye ghorofa ile ile tunayokaa. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe wa polepole, kwa kipimo cha 1 kwa 12 kinachotumika katika kanuni za Marekani, yaani kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu. Viti viwe na mikono ya kushikia wakati wa kuinuka. Sofa la chini lenye kuzama humteka mzee, na sehemu ya jioni hupotea katika kumnasua. Baadhi ya wazee hushukwa na shinikizo la damu baada ya kula, hasa mlo mkubwa, na wakisimama ghafla huona kizunguzungu, kwa hiyo haifai bili kulipwa huku watu wote wamekwisha simama wakisubiriana mlangoni.

Saa ya kufika ina faida maradufu. Kufika mapema, dakika 90 hivi kabla ya ukumbi kufurika, kunawapa wazee sehemu kubwa ya mlo katika utulivu, jikoni hakujaelemewa, na wenye dawa za kunywa pamoja na chakula hawavurugi ratiba yao. Vijana hunung’unika kwamba ni mapema mno. Waache wanung’unike, watakuwa na saa zao baada ya wazee kurudishwa nyumbani.

Hata hivyo mipango huharibika. Umeweka nafasi, umechagua pembe, muziki umepunguzwa, kisha kundi la watu ishirini linaingia na keki ya siku ya kuzaliwa na kukalia meza iliyo ubavuni mwenu. Katika hali hiyo siwaombi wenye sherehe wanyamaze, kwa kuwa wana haki na furaha yao. Humwendea msimamizi mwenyewe, si mhudumu, nikamwomba meza nyingine hata kama ni ndogo na tutabanana. Kama haipo, humalizia chakula kikuu, huomba vitamutamu vifungwe tukavile nyumbani, na humwambia dereva asogeze gari karibu na mlango wakati mama mkubwa anamaliza chai yake.